Msiwaite mashujaa, waiteni mabingwa halafu muwalipe

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye siku ya michezo ya sekondari moja huku Manyara. Watu wawili watatu wameomba niiweke kwa maandishi, basi nimeiweka kama nilivyoisema, vichekesho vya emsii nimeviacha, na pale jenereta ilipozimika nikaendelea kupiga kelele bila maiki mtajijazia wenyewe.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, mwenyekiti wa kijiji na kamati yako, itifaki imezingatiwa jamani tusije tukamalizia mchana kwenye itifaki. Wazee wangu shikamooni. Na nyie vijana mliokaa juani huku sisi tuko chini ya turubai, hamjambo? Haya.

Kadi ya mwaliko niliyoletewa imeandikwa "Wanamichezo Wetu, Mashujaa Wetu". Mi nimefundisha michezo miaka mingi, nimechora mistari ya chokaa kwenye viwanja vya shule nyingi za mkoa huu mpaka viatu vyangu vyote vikawa vyeupe, kwa hiyo nusu ya kwanza ya hiyo kadi naipokea kwa mikono miwili, wanamichezo ni wetu. Ile nusu ya pili ndo sikubaliani nayo, na nlimwambia Mkuu wa shule kwenye simu, akacheka, akasema mwalimu njoo uyaseme hayo hayo mbele ya wazazi. Basi nimekuja.

Tuanze na jambo la furaha. Tarehe 15 Septemba 2025, marathoni ya wanaume, mashindano ya dunia, Tokyo. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na ushee usiku, wengi mlikuwa mmelala fofofo, mkaamka mkakuta magrupu ya WhatsApp yamejaa bendera. Alphonce Simbu anaingia uwanjani, mbele yake kuna Mjerumani, Amanal Petros, zimebaki mita chache, Simbu anafyatuka, Petros naye anajirusha mpaka anaanguka pale kwenye mstari, na wote wawili saa inasoma 2:09:48. Ikabidi waangalie picha. Simbu kashinda kwa sekunde 0.03, tena mwenyewe hakuwa na uhakika mpaka alipoona jina lake liko juu kwenye skrini. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, tangu nchi ianze kupeleka watu. Mi nlipiga yowe mke wangu akadhani tumevamiwa.

Asubuhi yake kila kona, redioni, mtandaoni, wanasiasa ndo usiseme: shujaa, shujaa, shujaa wa taifa. Sasa naomba tufikirie pamoja kidogo. Kama Simbu ni shujaa kwa sababu kashinda, basi ushujaa una upana wa sekunde 0.03, yaani hata kope haijashuka imeshapita, na yule Petros aliyekimbia kilomita 42 zile zile kwenye joto lile lile akaanguka mstarini, yeye katoka kapa, siyo shujaa wa mtu. Inaingia akilini? Na kama Simbu ni shujaa kwa sababu ni Mtanzania basi hapo hatuzungumzii ushujaa tena, tunazungumzia uraia. Halafu huyu huyu Simbu mwaka 2016 kule Rio alikuwa wa tano kwenye Olimpiki, wa tano duniani jamani, kukimbia kwenye mashindano makubwa kiasi kile na kuwaacha watu zaidi ya mia nyuma yako siyo mchezo, mbona hatukusikia wanasiasa?

Saa inatoa bingwa. Hiyo ndo kazi yake na inaifanya vizuri, haina upendeleo, haina mjomba. Lakini hakuna saa iliyotengenezwa ya kupima ushujaa, na sisi tumeigeuza saa ya mbio kuwa hiyo.

Nendeni nyuma mpaka Mexico City, Oktoba 1968, maana michezo ile peke yake ina karibu kila ninachotaka kusema.

Mnajua nitaanza na nani, nyie watu wa Mbulu mmeshaanza kutabasamu. Mzee John Stephen Akhwari. Mji ule uko juu sana, mita 2,240 hivi toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, misuli inakaza hovyo. Karibu na kilomita ya 19 watu wanagombania nafasi, wanasukumana, akaanguka. Goti likateguka, bega likajipiga kwenye lami. Wakamfunga bandeji akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alishamaliza kwa 2:20:26, akavishwa medali yake, watu wakaanza kuondoka, giza likaanza kuingia, uwanja wote wa Olimpiki umebaki na watu elfu kadhaa tu, ndipo Akhwari anatokea anachechemea na bandeji yake. 3:25:27. Walioanza mbio ile walikuwa zaidi ya 70, waliomaliza 57, yeye wa 57. Waandishi wakamuuliza kwa nini hukuacha, akajibu lile jibu ambalo kila mwalimu wa michezo Tanzania amelisema kwa wanafunzi wake angalau mara moja, kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kumaliza.

Sasa mi kama mwalimu nna la kusema hapo, na sijui kama wazee wa Mbulu watanielewa. Kitaalamu ningemtoa. Na nyie vijana, mkiteguka goti kwenye uwanja wangu mnatoka, hakuna mjadala, goti unalo la maisha yote. Lakini kile alichofanya jioni ile mi nakiita ushujaa na sioni aibu, kwa sababu hakukuwa na chochote kilichokuwa kinamngoja pale mwisho. Medali hamna, pesa hamna, hata watazamaji wameshapungua. Kilichobaki ni neno lake na nchi iliyomtuma, basi.

Na msidhani alikuwa mtu wa mwisho mwisho. Miaka miwili baadaye, 1970, Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari huyu huyu alikuwa wa tano marathoni, 2:15:05. Kwa macho ya mwalimu wa riadha ile ndo ilikuwa mbio yake tamu kuliko ya Mexico kwa mbali. Nani anaikumbuka? Hakuna. Kwa hiyo hata sisi wenyewe, bila kujua, tunajua kwamba ushujaa wake haukuwa kwenye muda.

Siku ile ile, tarehe 20 Oktoba 1968, Kipchoge Keino wa Kenya anaumwa, ana matatizo ya nyongo, ameshaanguka kwenye mita 10,000 siku za nyuma, madaktari wamemwambia usikimbie, na foleni ya magari ikamkwamisha njiani akashuka kwenye basi akakimbia kwa miguu kuwahi uwanjani, halafu akamwacha Jim Ryun wa Marekani aliyekuwa na rekodi ya dunia karibu mita 20 kwenye 1500. Ubingwa wa ajabu. Na kwa bahati tu tarehe hiyo hiyo, 20 Oktoba, ndo Kenya sasa hivi wanaadhimisha Siku ya Mashujaa, japo sababu yao ni nyingine kabisa, ni ya kupigania uhuru. Lakini ukiniuliza mimi Keino alistahili hilo jina wapi, nitakwambia ni Eldoret, yeye na mkewe Phyllis, walipofungua nyumba yao kwa watoto yatima wakawalea miaka na miaka, pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuwapigia saa.

Na siku nne kabla, tarehe 16. Tommie Smith, Mmarekani mweusi, anashinda mita 200 kwa 19.83, rekodi ya dunia. Wa pili Peter Norman, mzungu wa Australia, 20.06. Wa tatu John Carlos. Kwenye jukwaa la medali Smith na Carlos wakainamisha vichwa wakanyoosha ngumi zenye glavu nyeusi juu huku wimbo wa taifa lao unapigwa, na Norman akavaa beji ile ile waliyovaa wao ya kudai haki za binadamu. Mbio zilichukua sekunde chini ya 20. Gharama yake ilichukua miaka. Wale wawili walifukuzwa kwenye kijiji cha michezo, kurudi kwao wakakuta vitisho na ugumu wa kazi. Norman hakupelekwa tena Olimpiki, na ule muda wake wa 20.06 ulibaki rekodi ya Australia mpaka Desemba 2024, miaka 56, kuna watu wamezaliwa wakastaafu. Alipofariki 2006 waliobeba jeneza lake mbele ni Smith na Carlos. Hapo sina ubishi na mtu, waiteni mashujaa hata kila siku. Ila angalieni walichokifanya, mbio zilikuwa zimeshaisha.

Kwa hiyo sisemi ushujaa haupo kwenye michezo, msije mkaenda kusema mwalimu kaja kutukana wanariadha. Nasema hauko kwenye matokeo, na tukiubandika kwenye matokeo kuna watu wanaumia. Hapa ndo nataka nikae kidogo.

Kuna binti nlimfundisha, jina naliacha, sasa hivi ni mtu mzima. Alishinda mbio moja ya barabarani, zawadi siyo kubwa sana lakini kwa kijijini ni hela. Jumapili kashinda, Jumatatu asubuhi mi naenda kwao kumpongeza, nakuta nje kwenye benchi watu wamejaa na wengine wamekalia ndoo. Shangazi mtu ana karatasi ya bei ya mabati toka hadwea. Kuna kijana wa bodaboda anasema pikipiki yake ndo ilimpelekaga mazoezini. Kuna mchango wa harusi ya mtu ambaye binti hamjui. Kuna mzee wa heshima kabisa, kaja na daftari, kashaorodhesha. Mama yake anachemsha chai sufuria ya tatu, sukari imekwisha kamtuma mtoto dukani. Na kila anayeingia anaanza na maneno yale yale, "hongera shujaa wetu." Binti mwenyewe yuko ndani, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, ukucha mmoja wa dole gumba umeng'oka, ananiangalia anasema mwalimu hivi hii hela ni ya nani?

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wakaishia hapo. Hawakutuambia kwamba mgema akisifiwa na mtaa mzima, kesho yake mtaa mzima unakuja kunywa bure.

Mnaelewa? Fundi seremala akitengeneza kitanda kizuri hakuna anayemwita shujaa na hakuna anayekuja asubuhi na daftari. Anaitwa fundi, analipwa, hela ni yake. Mwanariadha tukishamwita shujaa wetu, lile "wetu" ndo linaanza kazi. Anakuwa mali ya umma. Mwili ni wake, maumivu ni yake, ila medali na pesa vya wote.

Na hawezi kulalamika, maana shujaa halii. Samuel Wanjiru wa Kenya alikuwa na miaka 21 alipochukua dhahabu ya marathoni Beijing 2008, Mkenya wa kwanza kabisa, 2:06:32 kwenye joto lile. Kijana wa miaka 21 jamani, nyie hapo mnaosoma kidato cha sita mmekaribia umri huo. Hela zikaja, marafiki wakaja, pombe ikaja, ugomvi wa ndoa mpaka mahakamani. Mei 2011 akaanguka toka kwenye baraza la ghorofa la nyumba yake kule Nyahururu akafa, ana miaka 24. Alivyofariki Kenya nzima ilimlilia shujaa wake. Kipindi kile anazama watu walikuwa wanaona.

Kwa mabinti ndo mbaya zaidi, na akina mama hapa naomba mnisikilize vizuri. Agnes Tirop wa Kenya, Septemba 2021 anavunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake watupu, 30:01, kule Ujerumani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, anakutwa nyumbani kwake Iten amechomwa kisu, amekufa. Miaka 25. Aliyeshtakiwa ni mume wake, naye akakana. Halafu Rebecca Cheptegei wa Uganda, ambaye alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024 akawa wa 44. Wa 44 haitwi shujaa na mtu, tuseme ukweli. Wiki tatu baadaye, tarehe 1 Septemba, katoka kanisani na watoto, huko Trans Nzoia, Kenya, mwanaume aliyewahi kuwa naye akammwagia petroli akamwasha moto. Akafariki tarehe 5 hospitalini Eldoret. Kilichosemwa na polisi ni ugomvi wa kiwanja, kiwanja alichonunua na kujenga nyumba ili awe karibu na mazoezi. Basi hapo ndo maneno yakaja, shujaa, shujaa, na mji wa Paris ukatangaza kwamba utaipa sehemu ya michezo jina lake. Nashukuru kwa hilo, ni heshima. Ila yule mama hakuwa anahitaji uwanja Paris, alihitaji mtu wa kumuuliza mapema kabisa, hivi hati ya kile kiwanja ina jina la nani, na yule mwanaume anakupiga?

Huko Iten na Eldoret, na hata huku Arusha msijidanganye, kuna wanaume kazi yao ni hiyo. Anamuona binti wa miaka 16 anakimbia vizuri, anajifanya kocha, kesho mpenzi, keshokutwa mume, na kadi ya benki iko mfukoni mwake. Kijiji kinaona kwamba "shujaa wetu amepata mtu wa kumsimamia." Wenzetu wa Kenya baada ya kifo cha Agnes wanariadha wenyewe walianzisha Tirop's Angels, kikundi cha kusaidia mabinti wanaonyanyaswa. Sioni kwa nini sisi tusubiri mpaka tuzike mtu.

Kuna na hili la dawa, nalipitia haraka maana liko wazi. Ukishamwita mtu shujaa umejifunga mdomo, huwezi tena kumuuliza swali. Ruth Chepngetich wa Kenya, marathoni ya Chicago, Oktoba 2024, 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 2:10, kaishusha rekodi karibu dakika mbili. Mwandishi mmoja wa Marekani akamuuliza pale pale kwamba watu watakuwa na mashaka, wewe unasemaje, mtandaoni wakamrukia yule mwandishi kama vile kamtukania mama. Mwaka uliofuata sampuli yake ya Machi 2025 ikakutwa na dawa ya kukojoza ambayo imepigwa marufuku kwa sababu inaweza kutumika kuficha dawa nyingine, akafungiwa miaka 3. Rekodi imebaki kwa sababu sampuli ni ya baada ya rekodi, na mimi siendi mbali zaidi ya hapo. Ninachosema ni kwamba bingwa unaweza kumpima mkojo na ukabaki unampenda. Shujaa ukimpima mkojo unaonekana msaliti.

Sasa mwalimu mwenzangu hapa kulia ameninong'oneza, nadhani hakutaka nimtaje lakini ndo nimeshamtaja, anasema mbona mashujaa wa kweli ni manesi na walimu. Hapana mwalimu! Hiyo njia siiendi. Nasi tunadanganywa hivyo hivyo. Kila Siku ya Walimu tunaitwa mashujaa, tunapigiwa makofi, halafu unarudi nyumbani hujapandishwa daraja na malimbikizo hujalipwa. Ukiona mtu anakuita shujaa kwa sauti kubwa, angalia kwanza mkono wake mwingine unashika nini. Mara nyingi haujashika kitu.

Angalieni hata Akhwari wetu. Mbio 1968, nishani ya taifa 1983. Miaka 15 hapo katikati, na yeye mkulima tu wa Mbulu kama sisi. Baadaye ndo wakaja kumwalika Sydney mwaka 2000, na Beijing 2008. Maneno yale ya kumaliza mbio yamezunguka dunia nzima, yamewekwa kwenye matangazo, watu wameyahutubia, na mi mwenyewe nimeyahutubia leo bure kabisa.

Filbert Bayi je? Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, mita 1500, anaongoza toka bunduki inapolia mpaka mwisho, 3:32.16, rekodi ya dunia, na nyuma yake John Walker wa New Zealand naye kashuka chini ya rekodi ya zamani na hakumpata. Kuna wazee hapa walisikia redioni, nawaona. Nchi ilikuwa changa, kusikia jina la Tanzania likitajwa dunia nzima, siyo jambo dogo na sitaki kulidogosha. Mwaka 1976 mtanange wa Bayi na Walker ulikuwa unasubiriwa Montreal, nchi za Afrika zikajitoa kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Walker akachukua dhahabu, Bayi hakuwepo. Uamuzi ulikuwa sahihi, mi nautetea mpaka leo, lakini aliyeulipia ni Bayi na wenzake, siyo waliosaini barua. Moscow 1980 akapata medali ya fedha kwenye mbio za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000, na hizo ndo medali zetu mbili za Olimpiki mpaka leo, zote mbili, hamna nyingine. Halafu Bayi akajenga shule. Zipo, watoto wanasoma, nendeni Kibaha mkaone. Hakusubiri mtu ampe kitu kwa sababu ya lile jina.

Najua kuna mzazi anasema moyoni, mwalimu unawanyima watoto mfano wa kuiga. Mi nimekaa na watoto wanaokimbia muda mrefu, nawaambia mtoto hana shida ya shujaa. Mpe Simbu kama fundi uone. Mwambie huyu mtu wa Tokyo 2025 alikuwa wa tano Rio 2016, wa tatu mashindano ya dunia London 2017, wa saba Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, wa pili Boston Aprili 2025, ndo baadaye dhahabu. Mwambie ni askari wa JWTZ, yaani alikuwa na ajira na mshahara wakati anajifunza kushinda. Hapo mtoto anapata kitu cha kushika, anaona kwamba ni kazi, ina miaka yake, ina mshahara wake, ina siku za kuwa wa saba. Ukimwambia tu shujaa anabaki kukodoa macho, anadhani yule kazaliwa hivyo.

Na zile dola 70,000 za mshindi wa dunia zilitoka kwa shirikisho la dunia la riadha, siyo kwetu. Nasema tu tusije tukajisahau tukadhani tumelipa.

Kwa hiyo mi maombi yangu kwa uongozi wa shule ni madogo. Kwanza sanduku la huduma ya kwanza, leo nimekagua nimekuta mkasi na pamba, barafu hamna, bandeji ya kukaza hamna. Pili mabinti wanaotoka kukimbia saa kumi na moja alfajiri pembeni ya barabara ya malori, mwalimu awe nao, siyo kaka wa kijijini aliyejitolea, mwalimu. Tatu, hela ya zawadi ya mwanafunzi iende kwenye akaunti ya mwanafunzi na mzazi, isipitie kwa kocha, na mimi kocha nikiwemo.

Namaliza. Nimeambiwa kuna mabinti wawili na mvulana mmoja hapa wamepata ofa ya kwenda kambini Arusha kwa meneja mmoja, na karatasi zimeshakuja. Hongereni sana, kweli kabisa. Wazazi wao, msisaini leo. Baada ya chakula tukutane pale ofisi ya michezo, mlango wa bluu, tusome pamoja mstari kwa mstari, tuone ni miaka mingapi, tuone asilimia ya meneja, maana kawaida ya hiyo kazi ni kama 15, ukikuta 40 ujue umeingia mjini, na tuone mtoto akivunjika mguu nani analipa hospitali. Njooni na karatasi yenyewe, na kitambulisho. Mjomba aliyewaletea hiyo karatasi mwambieni abaki kwenye pilau.

Asanteni.